Je, wajua? Neno moja la Kisebuano, "kuan", linaweza kushika nafasi ya neno lolote

"Kuana ang kuan, kay mokuan na si Kuan."

Sentensi hiyo ina maneno 8, na 4 kati yake ni neno lile lile moja lisilo na maana ya kudumu. Mpishi wa mjini Cebu, katikati ya Ufilipino, akiambiwa hivyo na mwenzake aliyesimama naye jikoni, anaweza kuinjika sufuria bila swali. Alichosikia ni hiki: "Lutoa ang isda, kay moabot na si Pedro", yaani pika samaki, maana Pedro yuko karibu kufika. Ameelewaje?

Sisi tunaye ndugu wa neno hili: nanii, au nanihii kwa wanaolivuta. "Mwite yule nanii." "Nipe kile nanii kilichoko mezani." Ulimi umekwama, jina limepotea, nanii anashika nafasi. Kuan hufanya kazi hiyo hiyo katika Kisebuano, lugha ya mamilioni ya watu wa Cebu, Bohol, mashariki ya Negros, magharibi ya Leyte na sehemu kubwa ya Mindanao. Hutamkwa kwa mkazo mwishoni, karibu na "kwán", na wengine huliandika kuwan au kwan.

Siri haimo ndani ya kuan. Imo katika vijineno na viambishi vinavyolizunguka. Kwa Kisebuano jina la mtu hutanguliwa na si, ni au kang; vitu na mahali hutanguliwa na ang au sa. Kwa hiyo "si Kuan" ni mtu na "ang kuan" ni kitu, hata kama msemaji hajataja chochote. Sema "gikuan ni Kuan ang kuan": msikilizaji anajua kwamba mtu fulani ametenda, kitu fulani kimetendewa, na jambo limekwisha kufanyika. Kilichobaki ni kujaza mapengo matatu kwa kutazama yanayoendelea mbele ya macho. Kwetu kazi ya namna hiyo hufanywa na ngeli: yule nanii hawezi kuwa kisu, kile nanii hakiwezi kuwa mjomba.

Utamu wenyewe uko kwenye vitenzi. Kisebuano kinapotoa amri hubadilisha kiambishi kulingana na namna kitu kinavyoguswa na tendo. Mchukue samaki huyo huyo wa jikoni. Ukisema "Kuana ang isda", kiishio -a kinaonyesha kwamba samaki mwenyewe ndiye atakayebadilishwa: akatwe, apikwe, aliwe. Ukisema "Kuani ug suka ang isda", kiishio -i kinamfanya samaki awe mahali pa kupokea kitu, na kwa kuwa suka ni siki, amri ni kumtilia siki. Ukisema "Ikuan ang isda sa ref", kiambishi i- cha mwanzoni kinaonyesha kitu kinachohamishwa, basi samaki anaingia kwenye friji. Kazi tatu tofauti, na kitenzi halisi hakijatajwa hata mara moja.

Hapa ndipo nanii wetu anapoachwa nyuma. "Umenanii?" tunasema. Lakini kumpachika kauli ya kutendea, kama tunavyofanya kwa tia na tilia, hakuna anayethubutu.

Mfumo huo una ufa wake. Wakati uliopita ukifika, amri ya kwanza na ya tatu hukutana kwenye umbo moja, gikuan, na ya pili peke yake hubaki na alama yake, gikuanan. Ndiyo maana "Kuana!" inayosemwa mbele ya jiko haina shida, ilhali "Gikuan na nako", nimeshaifanya nanii, inayosikika kwenye simu, humwacha mtu akijiuliza kama samaki amepikwa au amewekwa tu kwenye friji.

Si kila kuan ni ya kusahau. Mara nyingi msemaji analijua neno vizuri sana, ila hataki limtoke kinywani. "Sakit akong kuan", mgonjwa atamwambia daktari, nanii yangu inauma, na daktari hahitaji ramani. "Nagkuan sila", ikisemwa kwa sauti ya chini kuhusu wawili waliojifungia chumbani, haimaanishi kwamba wanakunja nguo. Mgeni anayejifunza lugha hujiponza hapa: anasema "imong kuan", nanii yako, kwa kulikosa tu neno la mkoba, na meza nzima inacheka. Ukitaja kitu cha mtu kwa kuan, kioneshe kwa kidole.

Kosa jingine ni la si na ang. Ukimtafuta mtu na ukauliza habari za "ang kuan", umemgeuza kuwa kifaa.

Kuan pia hununua muda. Mwanafunzi aliyechelewa huanza na "Kuan man gud, Ma'am..." Man gud ni kama "unajua ni kwamba", na kuan iliyotangulia haina kitu ndani yake, ni nafasi ya kutunga sababu. Masikio ya Kisebuano yanalijua hilo, kwa hiyo kadiri kuan inavyovutwa ndivyo udhuru unavyopungukiwa uzito. Katika maandishi rasmi hutalikuta: barua ya ofisini haina msikilizaji aliye jikoni pamoja na mwandishi.

Msikilizaji aliyeshindwa kujaza pengo huuliza "Unsang kuana?", yaani kuan ipi? Usiichanganye na amri "Kuana!" iliyotangulia. Kiishio -a cha swali hili hudaiwa na unsang, "gani" au "ipi", ambayo huipachika kwenye nomino inayoifuata: oras ni saa, "unsang orasa?" ni saa ngapi.