Ndani ya Mustang ya 1965 kuna Falcon

Wanaoleta Mustang za zamani kwenye gereji ninayofanyia kazi hapa Michigan wana swali lao moja: "Fundi, tunaweza kuweka V8?" Yaani injini ya silinda nane. Mara nyingi gari lenyewe limetoka kiwandani na silinda sita, na mwenyewe analionea aibu. Kuweka V8 inawezekana. Ila mimi husita, kwa sababu bila ile silinda sita Mustang isingekuwepo kabisa.

Gari lilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 kwenye maonyesho ya dunia ya New York, kule Flushing Meadows, kwa bei ya kuanzia dola 2,368. Siku hiyo ya kwanza Ford walipata oda zipatazo 22,000. Machi 1966 Mustang ya milioni moja ilikuwa imeshatoka kiwandani. Watoto waliozaliwa Marekani baada ya vita vya pili vya dunia ndio kwanza walikuwa wanachukua leseni, na gari la baba hawakulitaka.

Bei ile haikuja kwa miujiza. Lee Iacocca, aliyekuwa akiongoza kitengo cha magari ya Ford, alijua kwamba kubuni gari jipya kuanzia sifuri kungekula fedha nyingi mno. Wahandisi wakachukua Falcon, gari dogo la familia la modeli ya 1960, gari la kuendea sokoni na kanisani, wakaazima sehemu kubwa ya vyuma vyake vya chini, gia na injini. Juu wakaweka boneti ndefu, buti fupi, viti viwili vilivyotengana mbele na gia ya sakafuni. Injini ya msingi mwanzoni ilikuwa ya inchi za ujazo 170, nguvu za farasi 101. Haikuwa na mbio za kumtisha mtu.

Ujanja wenyewe ulikuwa kwenye orodha ya nyongeza. Mwalimu wa shule alinunua ile ya bei ya chini akapita mtaani na nembo ileile ya farasi kwenye grili kama jirani yake aliyelipia V8 ya inchi 289 yenye nguvu za farasi 271. Kwa mbali huwezi kuwatofautisha. Plymouth, kampuni pinzani, walitangulia sokoni na Barracuda yao tarehe 1 Aprili mwaka uleule, lakini ukiitazama kwa mbele unaiona Valiant, gari lao la kawaida waliloijengea juu yake. Ford walificha Falcon yao vizuri zaidi. Tofauti ndiyo hiyo.

Na Falcon haikuwa mgeni kwetu Afrika Mashariki. Pasaka ya 1964, wiki chache kabla ya uzinduzi wa New York, Ford walileta Mercury Comet, ndugu wa Falcon mwenye umbo refu kidogo, kwenye mashindano ya magari ya East African Safari. Tope na mawe vilizimaliza. Ni chache tu zilizofika mwisho. Ushindi ulikwenda kwa Cortina GT, Ford ndogo ya Uingereza, ya Peter Hughes na Billy Young.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote, lakini, si cha Ford. General Motors walikuwa na kanuni ya ndani: gari la ukubwa wa kati lisipewe injini inayozidi inchi 330. Pale Pontiac, kitengo chao kimoja, mhandisi mkuu John DeLorean na wenzake walikuwa na injini ya 389 inayotafuta pa kukaa. Kanuni ilizungumzia modeli, haikutaja nyongeza. Basi wakaiuza 389 kama kifurushi cha nyongeza cha Tempest, gari lao la ukubwa wa kati, wakakipachika jina la GTO walilolichukua kwa Ferrari bila hata haya. Mwaka wa kwanza ziliuzwa zaidi ya 32,000, na wakubwa wakanyamaza. Fedha ilikuwa imeshaingia.

Corvette, gari la michezo la Chevrolet, ni ya zamani zaidi, ya 1953, lakini mwanzo wake ulikuwa wa kusuasua: magari 300 tu, yote meupe, silinda sita na gia mbili za otomatiki. V8 ilipofika 1955 ndipo likaanza kustahili sura yake.

Enzi yenyewe ya magari haya ya nguvu ilikuwa fupi. Sheria ya hewa safi ya 1970, bima iliyopanda kwa vijana wenye injini kubwa, kisha vikwazo vya mafuta vya Oktoba 1973. Mustang ya 1974 ilijengwa juu ya Pinto, gari dogo la Ford, na mwaka huo V8 haikupatikana hata kwa kulipia.

Wanaozililia siku zile hawazitaji breki. Mustang ya kawaida ilikuwa na breki za dramu magurudumu yote manne. Shuka nazo mlima mrefu utaona zinavyochoka. Tangi la mafuta liko nyuma, na mgongo wake ndio sakafu ya buti. Adui mkubwa ni matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele: maji huingia, majani huoza humo, chuma kinatoboka kwa ndani, na siku ya mvua dereva analowa miguu. Kukitengeneza lazima ufumue sehemu za kuchomelea moja moja, kazi ndefu ambayo mteja haioni akija kuchukua gari. Lakini ukifungua boneti mikono yote miwili inaingia, na kabureta unairekebisha kwa bisibisi huku ukisikiliza. Ndiyo maana mengi bado yanatembea.

Ukitaka kununua ya 1965, anza na nati za magurudumu. Silinda sita ilitoka na nne kila gurudumu, V8 na tano. Halafu soma herufi iliyo nafasi ya tano kwenye namba ya gari: T ni silinda sita ya inchi 200, C, A na K ni V8, na K ndiyo ile ya farasi 271. Hizo K ni chache na bei yake iko juu, kwa hiyo wapo wanaozighushi. Usiamini kibati cha mlangoni, vipya vinauzwa. Tazama namba iliyogongwa kwenye chuma cha ndani ya fenda, upande wa dereva, na kama imesuguliwa au kuchomelewa upya, rudisha pesa mfukoni.