Kwa nini Waetruski walifinyanga vyungu vyenye vichwa vya madude?

Je, wajua kuna mtu majivu yake yaliwekwa kwenye chungu kilichozungukwa na vichwa vya grifini, lile dude lenye mdomo wa tai na mwili wa simba? Hao ni Waetruski, jamaa waliotamba pande za Toscana ya leo huko Italia wakati Roma bado kamji tu. Chombo chenyewe kinaitwa cha Paolozzi, cha karne ya 7 KK, kilipatikana mji wa Chiusi huko huko Toscana, ni udongo mtupu, vichwa vimechomoza mabegani na juu ya kifuniko kasimama mtu.

Sasa grifini kafikaje huko? Biashara bana. Waetruski walikalia madini, chuma cha kisiwa cha Elba na shaba ya vilima vya bara, wageni wa Kigiriki na Kifoinike (wafanyabiashara wa baharini kutoka pande za Lebanoni ya leo) wakayafuata, na pamoja nao yakaingia masufuria makubwa ya bronzi yenye vichwa vya grifini na simba ukingoni, matajiri wakawa wanazikwa nayo kabisa, wafinyanzi kuona hivyo wakaiga kwa udongo.

Na waliiga mpaka mng'ao wa chuma! Kuna vyombo vyao vinaitwa bukero, vyeusi tii, na ukiangalia kipande kilichovunjika hata ndani ni cheusi, maana hiyo siyo rangi ya kupaka. Walisugua udongo mbichi mpaka ukateleza, wakachoma, halafu wakaziba hewa tanurini, moto ukikosa oksijeni unaichukua kutoka kwenye madini ya chuma yaliyomo ndani ya udongo, wekundu unageuka weusi. Makumbusho ya Metropolitan kule New York wanacho kimoja cha umbo la jogoo, kichwa ndo kizibo, na ubavuni kachorwa alfabeti nzima ya Kietruski, herufi 26. Mi hicho ndo nakipenda kuliko vyote.

Baadaye madude yakawa ya kutisha zaidi. Karne ya 4 KK hivi anatamba Charun, jina kachukua kwa Charon wa Wagiriki, yule mvusha wafu kwa mtumbwi, ila huyu wa Waetruski kashika nyundo, pua kama mdomo wa kunguru, na makaburini anachorwa na ngozi ya bluu kama nyama iliyoanza kuoza. Wakafinyanga mpaka chombo chenye umbo la kichwa chake, kipo Munich, Ujerumani.