Bangkok–Singapore, kwenda na kurudi ni muda ule ule jamani

Nakata tiketi hapa Kariakoo, wateja wangu wengi wanafuata mzigo Bangkok alafu wanapitia Singapore, na haupiti mwezi hajaja mtu na karatasi yake, kidole kwenye masaa: "Dada, mbona kwenda masaa matatu na nusu, kurudi lisaa na nusu? Hiyo ya kurudi ndo nzuri, niwekee hiyo hiyo na ya kwenda." Zamani nilikuwa nacheka.

Tiketi inaandika saa ya mji husika, sio saa ya mkononi kwako. Singapore wako mbele ya Bangkok kwa lisaa limoja. Unaondoka Bangkok saa 4:00 asubuhi, unatua Singapore saa 7:25 mchana kwa saa yao, toa lisaa, unabaki na masaa 2 na dakika 25. Kurudi unatoka saa 9:00 alasiri unatua 10:25, ongeza lisaa, ni yale yale 2 na dakika 25. Ndege ni ile ile, haijafungwa injini ya maajabu.

Na cha ajabu, ukifuata jua hii miji ilitakiwa iwe na saa zinazolingana, maana Singapore iko chini huko kusini, mashariki imesogea kidogo tu. Ila 1982 Malaysia ilisogeza saa za upande wa Kuala Lumpur zilingane na Sabah na Sarawak, majimbo yake ya kisiwa cha Borneo, Singapore nao wakafuata, ndo maana kule saa moja asubuhi jua ndo kwanza linachomoza.

Kuna mteja wangu aliachwa na ndege Changi, uwanja wa ndege wa Singapore, kwa ajili ya hili. Simu ilijibadilisha yenyewe, yeye akaamini saa ya mkononi aliyopewa na baba yake, bado iko kwa saa za Bangkok, ikimwambia saa nane na dakika tano, anakunywa chai zake, kumbe ndege ya saa tisa ishaondoka. Ukitua tu, geuza saa, kabla hata hujafungua mkanda.

Wengine wananiambia eti kurudi ni haraka kwa sababu dunia inazunguka. Ingekuwa hivo ukiruka juu hapa Kariakoo ungetua Magomeni, hewa inazunguka na dunia na ndege imo humo humo.

Alafu wale wa hesabu: kilomita 1,400 gawa kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa, si lisaa na dakika arobaini, wanatuibia? Hamna anayekuibia, muda wa tiketi unaanza ndege ikitoka ilipopaki, kuna kutembea chini, foleni ya kuruka, kupanda, kushuka, kuzunguka juu kama Changi kumejaa.

Na Bangkok ina viwanja VIWILI, Suvarnabhumi na Don Mueang, unavuka jiji na foleni zake. Ukitua kimoja na kuunganisha kingine mimi sikukatii chini ya masaa matano katikati, hata ukasirike.