Jiokashi ya fumbo: kusaka kopo kwenye rasi ya mbali

Jiokashi ni chombo kidogo kilichofichwa nje, mara nyingi kopo lisiloingiza maji lenye daftari ndani, ambacho watu hukisaka kwa msaada wa GPS, yaani mfumo wa satelaiti unaokionyesha kifaa mahali kilipo. Anayekipata huandika jina na tarehe, kisha hukirudisha palepale. Mchezo huu ulizaliwa Mei 2000. Usiku wa kuamkia tarehe 2, serikali ya Marekani iliacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya satelaiti yaliyokuwa wazi kwa raia, na vifaa vilivyokuwa vikikosea kwa mita 100 hivi vikawa vinakosea kwa mita chache tu. Tarehe 3 Dave Ulmer, mtaalamu wa kompyuta, alificha ndoo porini karibu na Portland, Oregon, akatangaza mtandaoni mahali ilipo.

Katika jiokashi ya kawaida unapewa majiranukta, yaani namba za latitudo na longitudo, nawe unakwenda. Ya fumbo inakutaka uzitafute kwanza namba hizo. Ramani ya Geocaching.com, tovuti ya mchezo huu, huionyesha kwa alama ya kuuliza ya buluu, na pale penye alama kwa kawaida hapana kitu. Kopo lenyewe huwa ndani ya kilomita 3.2 kutoka hapo.

Rasi ya mbali hufaa sana kwa fumbo la aina hii. Chukua Cape Wrath, ncha ya kaskazini-magharibi ya bara la Uskoti. Hakuna barabara ya kufika huko moja kwa moja: msafiri huvuka mlango wa bahari wa Durness kwa mashua ndogo, kisha hupanda basi dogo kwa kilomita 18 hivi. Mwishoni upo mnara wa taa uliojengwa na mhandisi Robert Stevenson. Uliwashwa mwaka 1828, na walinzi wake wakaondoka mwaka 1998 taa ilipoanza kujiendesha. Upande wa mashariki yapo majabali ya Clo Mor, yenye urefu wa mita 281 kutoka baharini.

Sasa tutunge fumbo la mfano (hakuna kopo lililofichwa hapo). Latitudo ni N 58° 37.ABC (N ni kaskazini, 58 ni digrii, 37.ABC ni dakika), ABC ni idadi ya miaka ambayo taa iliangaliwa na walinzi. Longitudo ni W 4° 59.DEF (W ni magharibi), DEF ni urefu wa Clo Mor kwa mita. Toa 1828 katika 1998, unapata 170. Jibu: N 58° 37.170, W 4° 59.281.

Tarakimu hizo si za kuchezea. Dakika moja ya latitudo, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, ni kama kilomita 1.85, hivyo tarakimu ya kwanza baada ya nukta, ikipotoka kwa moja, inakusogeza mita 185. Ya mwisho, chini ya mita mbili. Ukiandika E (mashariki) badala ya W, unajikuta katika Bahari ya Kaskazini, jirani na Norwei. Hapo ndipo rasi inapomsaidia msakaji: pande zake karibu zote ni maji, basi jibu likiangukia baharini, hesabu irudiwe.

Kila jiokashi hupewa viwango viwili, cha ugumu wa kuipata na cha ugumu wa njia, kuanzia 1 hadi 5. Hesabu kama hiyo ya mtoto wa shule haipandishi kiwango cha kwanza. Jiokashi inayohitaji mashua hupanda sana katika cha pili. Kwangu mimi, fumbo zuri ni lile ambalo huwezi kulihamishia rasi nyingine bila kulivunja, kwa sababu anayelifumbua ameshaijua taa, walinzi na majabali kabla hajafunga kamba za viatu. Fumbo la herufi zilizochanganywa ovyo, lenye picha ya rasi juu yake, halimfundishi mtu kitu kuhusu mahali anapokwenda.

Anayekwenda Cape Wrath yenyewe aangalie pia ratiba ya jeshi la Uingereza, kwani sehemu ya rasi hiyo ni uwanja wa mazoezi ya mabomu. Bendera nyekundu zikipandishwa, njia imefungwa, hata kama fumbo umeshalifumbua.