Rangi za Sainte-Sévère zilizokwama kwenye mkanda miaka 48

Sainte-Sévère-sur-Indre ni kamji ka mashambani katikati ya Ufaransa. Jacques Tati, mwongozaji wa filamu Mfaransa, alijificha maeneo hayo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha 1947 akarudi kupiga filamu yake ndefu ya kwanza, Jour de fête, wenyeji wakiigiza humo. Aliagiza milango ya uwanjani ipakwe kijivu na watu wavae nguo zilizofifia, ili siku farasi wa mbao wa pembea wanapoingia mjini, rangi ziingie nao. Kilichomwangusha ni mkanda.

Mkanda wa Thomsoncolor, mfumo wa filamu za rangi aliotumia Tati, haukuwa na rangi hata chembe. Ulikuwa wa nyeusi na nyeupe, ila mgongo wake una vijilenzi vilivyopangana kama matuta ya viazi, vyembamba mno kuonekana kwa macho. Kwenye lenzi ya kamera kunafungwa kichujio cha mistari mitatu: nyekundu, kijani na buluu. Mkanda unapakiwa kinyume, mgongo ukitazama lenzi, na kila tuta linachora nyuma yake michirizi mitatu, mmoja kwa kila rangi. Projekta nayo hufungwa kichujio kama hicho, na rangi zinarudi.

Hapo mpiga picha anabanwa. Ukipunguza tundu la lenzi kama ulivyozoea, mistari ya pembeni inakatwa, unabaki na wa kati tu. Tundu liache wazi, jua ulipunguze kwa njia nyingine.

Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni kopi: majumba ya sinema yanahitaji nyingi, na matuta ya kopi yakipishana kidogo tu na ya mkanda wa asili, michirizi inaingiliana na rangi zinavurugika. Kopi hazikupatikana. Pona ya Tati ilikuwa kamera ya pili, ya nyeusi na nyeupe, iliyokuwa kando ya ile ya kwanza. Ndiyo iliyotoa filamu ya 1949. Mwaka 1964 alitia rangi vitu vichache tu, kama bendera, na kwa maoni yangu zinaonekana zimebandikwa.

Rangi halisi zilitoka 1995, baada ya binti yake Sophie Tatischeff na mpiga picha François Ede kuisoma ile michirizi na kuihamishia kwenye mkanda wa rangi wa kawaida. Ukilinganisha filamu ya 1949 na ya 1995, usishangae fremu zikitofautiana kidogo: kamera mbili haziwezi kusimama mahali pamoja.