Kigugumizi ukubwani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ni woga tu. Jiamini, kitaisha." Nimeambiwa hivi tangu utotoni, na hakuna dhana inayoniuma kuliko hii, kwa sababu inaligeuza suala la mwili kuwa kasoro ya tabia. Kigugumizi huanza mara nyingi kati ya miaka 2 na 5, umri ambao mtoto hata kuona haya mbele za watu bado hajakujua vizuri. Picha za ubongo zimeonyesha tofauti katika sehemu zinazoratibu mwendo wa ulimi, midomo na pumzi, na mara nyingi hali hii hutembea katika ukoo. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, akiwemo Dennis Drayna, walitangaza jeni 3 zinazohusishwa nayo. Woga upo, sikatai. Ila huja baadaye, huletwa na vicheko, na ukishaingia huzidisha kukwama.

"Mbona akiimba hagugumii? Anajifanya." Wengi wetu tukiimba, tukisoma kwa pamoja na wenzetu au tukijisemesha peke yetu chumbani, maneno hutiririka. Mapigo ya wimbo na sauti za wenzio huupa ubongo mwongozo ambao haupo katika mazungumzo ya kawaida. Tena kigugumizi hupanda na kushuka: leo umemaliza kikao kizima bila shida, kesho salamu tu imekushinda.

Na kwamba wenye kigugumizi hawana akili? Si kweli, basi.

"Ukiweza kukificha, umepona." Hapa naomba tukae kidogo. Kwa miaka mingi nilikuwa hodari wa kubadilisha maneno. Nikiona "kesho" inakuja na koo limeanza kukaza, nasema "siku inayofuata". Walionizunguka hawakujua. Lakini jina lako halina kisawe. Siku moja nilipiga simu ofisi fulani kujiandikisha, nikaulizwa jina. Langu linaanza na B. Midomo ikafungana, ikatetemeka, sauti haikutoka. Nikasikia "Haloo? Haloo?" kisha simu ikakatwa. Nilipopiga tena nilitaja jina la kaka yangu, kwa kuwa lilikuwa jepesi. Nilipofika siku ya miadi, kwenye orodha sikuwemo.

Kumbe kuficha ndiko kulikokuwa kunanila. Joseph Sheehan, mwanasaikolojia aliyekuwa na kigugumizi yeye mwenyewe, alikifananisha na mlima wa barafu baharini: kukwama kunakosikika ni kile kilele kidogo, na chini ya maji kuna aibu, hofu na kukwepa. Siku hizi naanza kwa kusema, "Nina kigugumizi, naomba univumilie kidogo." Sentensi hiyo imenipunguzia mzigo kuliko hila zote nilizojifunza.

"Mtu mzima hasaidiki tena." Ni kweli kwamba watoto wengi hupona wakiwa bado wadogo, na kwamba kinachobaki ukubwani, kwa takriban mtu 1 kati ya 100, ni nadra kutoweka kabisa. Dawa ya kumeza ya kukiondoa haipo. Lakini tiba ya usemi inasaidia watu wazima, hasa ikilenga kukwama kwa ulaini badala ya kutokwama kabisa. Charles Van Riper, mtaalamu wa tiba ya usemi, naye mwenye kigugumizi, alifundisha hivi: neno likikwama, usilisukume. Shikilia sauti ile ile, tambua ni wapi pamebana, legeza taratibu, ulitoe neno polepole. Kwangu ni midomo ya B. Nikiisukuma hujifunga kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikiilegeza, hewa hupita na jina hufuata.

"Mwambie avute pumzi, atulie." Husemwa kwa nia njema, najua. Ila anayekwama neno analijua, na kupumua hajasahau. Ushauri huo humwongezea kazi, na kumalizia sentensi humnyang'anya zamu yake. Mtazame kama unavyomtazama mtu yeyote, usikilize anachosema, na subiri.

Wiki iliyopita nilipiga simu nikiwa na zoezi la kugugumia kwa makusudi, ili nizoee kutoficha, kwenye neno ambalo lingetoka bila taabu. Jina lilipofika likakwama kweli, sekunde kama 6 hivi. Yule dada upande wa pili alinyamaza tu. Kisha akaniuliza, "B ya mwanzo, halafu?"