Si kila mgongo ni mzigo, si kila kukonda ni sumu ya karuho

Mieloma ni kansere ambayo kwa kawaida haina uvimbe wa kushika kwa mkono. Ndiyo maana hapa Bukavu inapewa majina mengine, na mgonjwa anafika kwa daktari amechelewa.

"Ni mgongo wa mizigo." Mama aliyebeba magunia Kadutu miaka yote akilalamika mgongo, nani atashangaa? Lakini maumivu ya misuli hupoa mtu akipumzika. Ya mieloma yanadumu wiki kwa wiki, yanachoma mtu akijigeuza, na ubavu unaweza kuvunjika kwa kukohoa tu. Seli za plazma, zinazotengeneza kingamwili, zimeharibika na kuzaana ndani ya uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, zikichochea mifupa iliwe. Miguu ikilegea au mkojo ukigoma kutoka, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo: huenda uti wa mgongo unabanwa.

"Diklo itamtosha." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Seli hizo humwaga protini isiyofaa kwenye damu, na vipande vyake huziba figo. Dawa za maumivu kama diklofenaki (ndiyo diklo) na ibuprofeni huzidi kuziumiza figo hizohizo. Tena kile kijiti cha kupimia mkojo hunasa hasa albumini, aina moja tu ya protini. Kinaweza kuonyesha mkojo safi na kumbe protini ya mieloma imo tele. Ombeni elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha protini za damu, pamoja na hemoglobini (kuona kama damu imepungua), kreatinini (kuona hali ya figo) na kalisiamu. Uthibitisho hutokana na uboho unaochotwa, mara nyingi kwenye mfupa wa nyonga.

"Amepewa karuho." Kukonda, kupauka, kukosa hamu ya kula, kuchanganyikiwa: watu wanasema sumu, na jirani anaanza kuangaliwa vibaya. Mieloma huleta hayohayo, kwa sababu damu inapungua na kalisiamu ya mifupa inajaa mwilini. Na dawa ya kumtapisha ikimkausha maji, figo zinazidi kuharibika.

Wengine huiita kansere ya Wazungu. Sivyo. Nchini Marekani, watu weusi huipata karibu mara mbili kuliko weupe. Huwapata zaidi waliopita miaka 60, na haiambukizi.

"Kansere ni kifo, msipoteze pesa." Ni kweli kwamba kwa kawaida haiponi kabisa. Lakini hutulizwa, na wengi huishi miaka wakitibiwa. Melfalani na prednizoni, vidonge vya kumeza, vimetumika tangu miaka ya 1960. Bortezomibu, ya sindano, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003. Kabla familia haijauza shamba, imwulize daktari dawa ipi inapatikana, wapi, kwa bei gani, na figo za mgonjwa zikoje leo.